Kazi za mababu kwenye karatasi za kale za Lamu na Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotafuta nasaba zao upande huu wa pwani hukwama mahali pamoja. Jina la babu limepatikana, na la baba yake pia, lakini baada ya jina kuna neno moja la kazi ambalo halisomeki, au linasomeka lakini halieleweki. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi zaidi.

Neno nimelisoma na kamusi inalo. Kwa nini nisichukue maana yake nikaendelea?

Kwa sababu kamusi unayoifungua ni ya Kiswahili cha leo, na babu yako hakuishi leo.

Chukua *wakili*. Leo ni mtu wa mahakamani. Katika hati ya zamani ya nyumba, au ndani ya daftari la ndoa la kadhi, wakili ni yeyote aliyesimama badala ya mwingine: kumwozea binti ya ndugu yake, kumuuzia shamba mtu aliye safarini Arabuni, kumpokelea mzigo. Huenda alikuwa mvuvi siku nyingine zote. Wapo watu wanaojivunia babu mwanasheria kwa ajili ya neno hilo tu.

*Rubani* naye alikuwepo kabla ndege hazijakuwepo. Alikuwa mtu wa kuongoza chombo kipite salama kwenye miamba na mikondo. *Hakimu* anahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa Kiarabu kina maneno mawili yanayokaribiana, moja la mwenye kuhukumu na jingine la mwenye hekima, yaani tabibu. Yakiandikwa kwa haraka yanapishana kwa alifu moja na ye moja tu. Ukikuta hakimu aliyelipwa kwa dawa, usimpeleke mahakamani.

Basi nianze kwa kuuliza nini?

Nani aliandika, mwaka gani, na alikuwa anataka nini.

Kadhi aliandika kazi pale tu ilipomsaidia kutofautisha watu wawili wenye jina moja. Karani wa serikali alitaka kujua nani alipe kodi na nani aitwe kazini, kwa hiyo kwake watu wengi walikuwa wakulima au vibarua, basi. Mmisionari aliandika kazi aliyomfundisha mtu mwenyewe: seremala, mwashi, mpishi. Mwenye shamba aliandika cheo cha mtu ndani ya shamba lake. Mtu yule yule anaweza kupita mikononi mwa wote wanne akatoka na majina manne ya kazi, na hakuna aliyesema uongo.

Hati imeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili. Mbona kila mtu anasoma neno tofauti?

Ni kawaida. Herufi zile hazikuundwa kwa sauti zetu. Waandishi wengi walitumia *be* moja kwa b, p, mb na mp. *Shini* ilibeba sh na ch, *fe* ikabeba f na v, *ghaini* ikabeba gh na g. Irabu e na i zilishirikiana alama moja, o na u vilevile, na mara nyingi alama zenyewe hazikuwekwa. Ndiyo maana *mpagazi* huonekana kama “mbaghazi”, *mvuvi* kama “mfufi”, na *mchukuzi* kama neno ambalo hujapata kulisikia.

Njia nzuri ni kulisoma neno kwa sauti, ukibadilisha herufi moja moja, mbele ya mzee anayejua kazi za zamani. Sikio lake litalikamata kabla ya jicho lako. Walimu wa vyuo vya Kurani vya Lamu waliozoea kusoma tenzi kwa herufi hizo ni hazina kubwa. Na usimwonyeshe neno lililokatwa peke yake. Mpe mstari mzima, au ukurasa mzima ikiwezekana.

Na kama neno ni la Kiamu, lahaja ya Lamu?

Hapo kuna mtego mwingine. Penye *ch* ya Kiswahili sanifu, Kiamu mara nyingi kina *t*. Penye *j* utakuta *y* au sauti imeanguka. Penye *vy* utakuta *z*. Mchukuzi ni *mtukuzi*. Fundi wa vyombo ni *fundi wa zombo*. Mji ni *mui*, na ndiyo sababu *Mwenye Mui* wa Lamu ni cheo cha mkubwa wa mji.

Mfano ninaoupenda ni *mtunga*. Msomaji wa Nairobi anaona mshairi. Kwa Kiamu, mtunga anaweza kuwa mchunga, mtu wa ng'ombe na mbuzi. Tazama kilichoandikwa karibu: kama kuna idadi ya mifugo, shairi lisubiri.

Familia yetu ni ya bahari. Nitatofautishaje vyeo vya chomboni?

Kwanza mtenge *mwenye chombo* na *nahodha*. Wa kwanza ni mwenye mali, na huenda alikuwa tajiri asiyewahi kulala baharini, au mjane aliyerithi jahazi. Nahodha ndiye aliyeamuru safari. Wakati mwingine alikuwa mtu mmoja, lakini usilichukulie hivyo mpaka hati iseme. Neno lenyewe limetoka Uajemi, na katika Kiarabu huandikwa kwa *khe*, kwa hiyo katika hati utaliona kama “nakhudha”.

Chini ya nahodha yuko *serahangi*, msimamizi wa mabaharia na kazi za sitaha. Kuna mshika usukani. Kuna *mabaharia*, ambao wengi hawakuwa na mshahara wa mwezi bali fungu la faida ya safari. Hilo linaeleza kwa nini humkuti baharia kwenye orodha ya mishahara hata kama kila mtu nyumbani anasema alisafiri maisha yake yote.

Halafu kuna kazi za nchi kavu zinazoshikamana na chombo. *Fundi wa chombo* ni mjenzi, na kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, hadi leo kinajulikana kwa kazi hiyo. *Mkalafati* ni mtu wa kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, akizigongagonga ziingie. Si kazi ndogo kama wajukuu wanavyodhani. Chombo kisichokalafatiwa vizuri huzama hata kama mbao zake ni za mvule. Wapo pia waliopaka *deheni*, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kulinda ubao ulio chini ya maji.

*Mkata boriti* ni wa kundi jingine. Huyu alikwenda kwenye mikoko ya visiwani na bara yake, akakata miti iliyopangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hesabu ilikuwa kwa *korija*, yaani ishirini ishirini. Ukikuta babu ana “korija” mbele ya jina lake, hiyo ni mali aliyoleta, si jina la ukoo. Miti ile ilikwenda na majahazi mpaka Arabuni na Ghuba, ambako iliezekea nyumba za watu wasio na msitu.

Babu mkubwa ameandikwa “mshoni”, lakini hakuna aliyewahi kusikia kuwa alikuwa na cherehani.

Pengine hakuwa nayo. Katika visiwa vya Lamu watu walishona vitu vingi.

Kulikuwa na *mtepe*, chombo ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi. Waliovishona walikuwa mafundi wa bahari, hasa upande wa Wabajuni, na vyombo hivyo vilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Kulikuwa na washona makubadhi, na Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kazi ya ngozi pamoja na kunakili misahafu. Kulikuwa na washona kofia, kazi ambayo hata leo Lamu hufanywa na wanaume wakikaa barazani. Kulikuwa na washona makuti. Na mshona nguo alikuwepo pia, bila shaka.

Tafuta kijiji alichoishi, mwaka, na vifaa alivyorithisha. Mirathi ya kadhi huorodhesha vitu hadi sufuria. Sindano ya ngozi si sindano ya kofia.

Ameandikwa “fundi” tu. Fundi wa nini?

Kwa Lamu, uliza kwanza kama familia ina asili ya Ngazija. Huko Komoro, fundi ni mwalimu, hasa mwalimu wa dini, na watu wa visiwa hivyo wamehamia Lamu kwa vizazi vingi. Habib Swaleh mwenyewe, aliyeasisi msikiti na chuo cha Riyadha hapo Lamu, alitoka Komoro. Kwa hiyo “Fundi” iliyotangulia jina inaweza kuwa heshima ya mwalimu. “Fundi” iliyofuata jina, na hasa yenye kifungu baada yake, kama vile fundi wa milango au fundi wa mawe, ni kazi ya mikono.

Ukoo wetu ni Haddad. Je, tulikuwa wahunzi?

La. Haddad kwa Kiarabu ni mhunzi, lakini Al-Haddad mnaowajua pwani ni ukoo wa masharifu wa Hadhramaut, kusini mwa Arabuni, na jina limeshikamana na ukoo bila kujali nani anafanya kazi gani. Bawazir vilevile: usitafute waziri katika kila kizazi. Na *Mshihiri* si kazi ingawa watu waliitumia kama kazi, kwa kuwa wengi wa waliotoka huko walionekana wakibeba maji, wakiuza kahawa au wakiwa na viduka. Neno linataja bandari ya Shihri, huko Hadhramaut, basi.

Inawezekana jina la mtu kwenye karatasi likawa kazi yake, si jina?

Inawezekana sana, na mfano mkubwa uko Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata hapo mwongozaji wa kumvusha mpaka Uhindi. Waandishi wa Kireno walimtaja kama “Malemo Cana” au “Canaqua”, na kwa muda mrefu watu walilisoma kama jina la mtu. Sehemu ya kwanza ni *muallim*, cheo cha mwongoza chombo katika bahari ya Hindi. Ya pili, *kanaka*, imetoka kwenye neno la Kihindi la mtu wa hesabu na nyota. Yaani waliandika kazi yake mara mbili, na jina lake wakaliacha nje.

Ukiona kwenye orodha ya zamani watu watatu wanaoitwa “Tarishi” na wawili “Serahangi”, hapo karani amefanya kama Mreno.

Tumekuta “nokoa” kwenye karatasi za shamba la Malindi. Ni kabila?

Si kabila. Ni cheo.

Malindi ilifufuliwa katikati ya karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar, ikawa nchi ya mtama na ufuta uliosafirishwa kwa majahazi, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Shamba kubwa lilikuwa na *msimamizi*, chini yake *nokoa*, na chini ya nokoa *kadamu*. Nokoa na kadamu mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe, waliopewa mamlaka juu ya wenzao.

Nasema haya bila kuzungusha kwa sababu swali hili linapoulizwa, mara nyingi nyumbani kuna mtu anayetaka lizikwe. Kuna maneno mengine ya aina hiyo. *Mjinga*, katika karatasi za wakati huo, ni mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za pwani. Si tusi la akili. *Mzalia* ni aliyezaliwa hapa hapa. *Suria* si kazi ya nyumbani wala si mke wa nikahi. Ni mtumwa mwanamke wa bwana, na watoto aliomzalia bwana walihesabiwa huru na warithi. Familia nyingi zenye majina makubwa zina suria katika kizazi cha pili au cha tatu, na daftari la mirathi halifichi.

*Kibarua* kilianza hapo hapo. Mtumwa wa mjini aliyekodishwa kwa siku alipewa kijibarua cha kuonyesha kazi, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Ukilikuta neno kabla ya 1907 liangalie kwa jicho hilo. Mwaka huo ndipo utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mabwana wakaruhusiwa kudai fidia. Mtu aliyekuwa mtumwa wa fulani akawa “mtu wa fulani”, halafu mkulima, halafu mkulima mwenye jina la baba. Ukifuata maneno hayo matatu kwa mpangilio, mara nyingi unaufuata mguu wa mtu mmoja.

Hati ina mwaka wa Hijria. Nitajuaje iko kabla au baada ya 1907?

Mwaka 1325 Hijria ulianza Februari 1907. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882. Kati ya hapo hesabu kwa kukumbuka kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11.

Hakuna tarehe kabisa, lakini ujira umetajwa. Unasaidia?

Ndiyo. Reale, sarafu kubwa za fedha, ni za zamani zaidi. Rupia, ambayo mwanzoni ilikuwa na pesa 64, iliondolewa 1920 na 1921, florini kisha shilingi zilipoingia. Malipo ya rupia ya mkalafati hayawezi kuwa ya miaka ya 1930, hata kama shangazi anaapa.

Bibi zetu hawakufanya kazi? Mbona hawaandikwi?

Walifanya, na karani hakuuliza. Mwanamke huingia kwenye karatasi kama binti wa, mke wa, au mjane wa fulani. Kazi yake utaipata pembeni: mwanamke aliyeuza ukili na mikeka anaonekana kama mdai katika mirathi ya mteja, *mkunga* anaonekana kama shahidi wa kuzaliwa kwa mtoto, *somo* au *kungwi* anatajwa anapopewa zawadi katika arusi. Wanawake wenye nyumba na mashamba wapo pia, na hao hati zinawataja kwa jina kamili kwa kuwa mali ilikuwa yao.

Hapa mazungumzo yana nguvu kuliko karatasi. Ukimwuliza mzee “bibi alifanya kazi gani?” atakujibu alikaa nyumbani. Mwulize “nani alimwita arusi ikija, na kwa ajili gani?”

Babu alikuwa na kipande. Kinasema nini?

Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, kufikia 1920. Kipande kilibeba jina la tajiri aliyemwajiri, aina ya kazi, tarehe na mshahara. Kwa mtafiti ni karatasi tamu. Kwa aliyekivaa shingoni ilikuwa habari nyingine.

Maneno yake mengi ni ya Kihindi na Kiingereza yaliyotafunwa: *dobi* wa kufua nguo, *boi* wa nyumbani hata akiwa na miaka hamsini, *topasi* wa kusafisha vyoo na mitaa, *tarishi* wa kupeleka barua, *dresa* wa kufunga vidonda zahanati. Watu wa Malindi na nchi ya Wagiriama watakutana pia na *kariakoo*, wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Si sawa na *keya*, askari wenye bunduki. Masimulizi ya nyumbani huwachanganya, kwa kuwa wote “walikwenda vitani”. Kwa Wagiriama swali hilo lina uchungu wake: kulazimishwa kutoa vijana wa kazi ni mojawapo ya mambo yaliyowasha upinzani wa 1914, ambao Mekatilili wa Menza anakumbukwa kwao.

Kwenye ndoa ni mvuvi, kwenye hati ya shamba ni mkulima, na jirani anasema alikuwa nahodha. Ni watu watatu?

Huenda ni mmoja. Majahazi yalishuka na kaskazi na kupanda na kusi, na katikati mtu hakukaa kitako. Mvua ikija alilima bara, bahari ikitulia akatega malema, safari ikipatikana akapanda chombo. Kabla hujamgawa vipande vitatu, linganisha miezi ya hati zako. Linganisha pia jina la babu yake, siyo la baba tu; Lamu ina Mohamed bin Ahmed wa kutosha kujaza jahazi.

Nitafute wapi?

Mahakama za kadhi za Lamu na Malindi kwa ndoa na mirathi. Nyaraka za Taifa Nairobi kwa taarifa za wilaya. Madai yaliyoletwa chini ya Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 yana faida ya ziada, kwani mipaka ya shamba hutajwa kwa majirani, na jirani hutajwa kwa alichojulikana nacho. Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, kwa mambo ya enzi ya sultani. Waliokuwa karibu na Witu, usultani mdogo uliowahi kulindwa na Wajerumani, na posta ya Wajerumani iliyokuwa Lamu kati ya 1888 na 1891 wasisahau kuwa baadhi ya karatasi zao ziliandikwa Kijerumani.

Niandikeje kazi hiyo kwenye mti wa ukoo?

Andika neno kama lilivyo kwenye hati, hata tahajia yake ikikuudhi. Pembeni weka maana unayoiona, kisha hati ilikotoka na mwaka wake. Kwa mfano: “mtukuzi (hati ya nyumba, Lamu, 1318 H), mchukuzi wa mizigo, labda forodhani”. Neno *labda* liache lilipo mpaka hati ya pili ipatikane.